Miguu ya Mbele ya Gari la Kikundi: Jinsi Tulivyoiharibu na Jinsi Tunavyoitunza Sasa

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya gari ya kikundi kimoja cha Kitui Kusini mbele ya wenzao wa vikundi vingine. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)

  

Tumeombwa tuseme juu ya gari la foo-wili, na hasa sehemu zake za mbele, maana vikundi vingi hapa vina gari la namna hiyo au vinachanga pesa za kulinunua. Tuseme ukweli tangu mwanzo: hatukuja hapa kama mafundi. Tumekuja kama watu walioharibu gari, wakamlaumu mtu asiye na kosa, halafu wakajifunza. Yaliyotugharimu sisi fedha za ndengu za msimu mzima, ninyi mtayapata leo bure.

Yaliyotupata

Gari letu ni Toyota Land Cruiser pikapu, kuukuu, ya dizeli, yenye springi za majani mbele na nyuma. Linabeba ndengu kwenda sokoni, linabeba mabomba ya maji na saruji, na usiku linabeba wagonjwa. Mnajua nchi yetu ilivyo. Huku mto wa mchanga, kule udongo mweusi unaoshika kama gundi mvua ikinyesha.

Zamani barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo mpaka Kitui ilikuwa ya vumbi. Mwaka mmoja wa mvua nyingi gari letu lilikwama mara mbili kwa wiki moja, na ndengu zikalowa. Kamati ikakaa, ikatoa amri: "Kuanzia leo foo-wili isitolewe. Ikae ndani, tusikwame tena." Dereva akatii. Kwa miaka ile hatukuona ubaya mkubwa, kwa sababu barabara ilikuwa ya vumbi na changarawe.

Kisha lami ikaja. Tulishangilia sote. Lakini amri yetu hatukuifuta. Gari likawa linakwenda Kitui na kurudi juu ya lami, foo-wili ikiwa imeshikwa, na mzigo juu. Usukani ukawa mzito, matairi yakaanza kulia kwenye kona. Tukasema, "Gari limezeeka tu."

Halafu mafuta yakaanza kuonekana nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Dereva aliandika kwenye daftari, "Mafuta yanavuja mguu wa mbele kulia." Aliandika mara tatu. Mara tatu kamati ilisema, "Tungoje mavuno."

Usiku mmoja tukaitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Katikati ya mto wa mchanga, dereva alipokata usukani mpaka mwisho na kukanyaga mafuta ili atoke, kukasikika mlio kama wa jiwe kuvunjika. Mguu wa mbele ukafa, gari likazama mpaka ekseli. Mama yule alitolewa mtoni kwa kubebwa juu ya kitanda cha kamba, akamaliziwa safari kwa pikipiki ya mtu. Yeye na mtoto wako salama, tunashukuru. Lakini wangeweza wasiwe salama.

Asubuhi tulifanya nini? Tulimwita dereva mbele ya watu, tukamwambia ameendesha vibaya, na wengine wakasema eti alikuwa anauza mafuta ya gia. Tukamsimamisha kazi.

Siku ya tatu fundi wa jua kali alifungua goti la ekseli mbele yetu. Ndani hapakuwa na grisi. Palikuwa na uji mweusi, mwembamba kama supu. Akatushika mkono mmoja mmoja tuuguse. Akauliza, "Hii imekuwa ikivuja tangu lini?" Tukalifungua daftari, na pale pale tukaiona ile mistari mitatu ya dereva. Tukanyamaza. Jioni ile tulikwenda nyumbani kwake tukiwa wote, tukaomba msamaha mbele ya mke na watoto wake. Amerudi kazini, na haya tutakayosema sasa, mengi ametufundisha yeye pamoja na yule fundi.

Kwa nini foo-wili haipendi lami

Wanaolima na ng'ombe wataelewa haraka. Plau ikifika mwisho wa shamba na kugeuka, ng'ombe wa nje hutembea hatua nyingi na wa ndani hutembea chache. Ukiwafunga wasiweze kupishana, mmoja ataumia au nira itavunjika.

Gari pia liko hivyo. Gurudumu la kulia na la kushoto hupishana kwa sababu kuna difu kati yao. Lakini angalieni nyayo za gari linapogeuka mchangani. Mtaona nyayo za mbele zimepita nje na za nyuma zimepita ndani. Maana yake magurudumu ya mbele yamesafiri mbali kuliko ya nyuma. Sasa katika gari kama letu, ukitia 4H, propela ya mbele na propela ya nyuma zinafungwa pamoja. Lazima zizunguke sawasawa, wala hakuna difu katikati ya kuzipatanisha.

Mchangani hakuna shida, tairi litateleza kidogo na mambo yataisha. Kwenye lami kavu tairi limeshika, haliwezi kuteleza. Basi kule kutosawa kunajikusanya ndani ya vyuma: katika propela, katika meno ya gia, katika difu ya mbele, na katika vile viungo vya magotini ambavyo mafundi huviita CV. Ni kama kusokota kamba bila kuiachilia.

Dalili zake ndizo hizi: usukani unakuwa mzito, gari linakwenda kama limeshikwa na breki, matairi yanalia kwenye kona, na ukitaka kutoa 4H mti wa gia unakataa. Ikiwa hivyo, usiupige kwa nguvu. Rudisha gari nyuma mita chache kwa kunyoosha usukani, au ingia kwenye vumbi kando ya barabara. Kamba itajisokotoa, na mti wa gia utatoka wenyewe.

Jueni gari lenu ni la aina gani

Hapa wengine hukosea. Si foo-wili zote ni sawa. Land Cruiser kama letu na Land Rover za zamani za Series huendeshwa na magurudumu ya nyuma, na ya mbele hushikwa wakati wa haja tu. Lakini Land Rover One Ten iliyotoka mwaka 1983, ambayo baadaye iliitwa Defender na kutengenezwa mpaka mwaka 2016, huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Hiyo ina difu ya katikati, kwa hiyo inaruhusiwa kwenye lami. Sharti lake ni moja: ile loki ya difu ya katikati isifungwe kwenye barabara ngumu. Ukiifunga, unafanya kosa lile lile letu. Basi kabla hamjatoa amri yoyote kama sisi, mwulizeni fundi, au msome kitabu cha gari.

Habu: FREE na LOCK

Katikati ya magurudumu ya mbele ya gari kama letu kuna kifuniko cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Watu wengi hudhani ni urembo. Kitu hiki si kigeni. Arthur Warn wa Marekani alianza kutengeneza habu za namna hii mwaka 1948, kwa ajili ya magari ya Jeep yaliyobaki baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Kazi yake ni rahisi. Ikiwa LOCK, gurudumu limeshikana na hafushafti. Kila gurudumu likizunguka, hafushafti, CV, difu ya mbele na propela ya mbele vyote vinazunguka pia, hata kama mti wa gia uko 2H. Ikiwa FREE, gurudumu linazunguka peke yake kwenye beringi zake, na vile vyuma vingine vinapumzika. Kitu kinachopumzika hakiliki. Na injini inapata nafuu kidogo ya kazi.

Kanuni tunazofuata sisi ni hizi:

1. Safari ndefu ya lami: mti wa gia 2H, habu FREE.

2. Safari ya kuchanganya, lami kidogo na mchanga kidogo, au wakati wa mvua: habu LOCK tangu nyumbani, mti wa gia 2H. Hapo hakuna kusokotana, na mkifika mchangani mnatia 4H tu bila mtu kushuka kwenye matope.

3. Tia foo-wili kabla ya kuingia pabaya, si baada ya kukwama. Nyoosha magurudumu, kwenda polepole, kisha tia 4H. Kwa 4L, simama kabisa kwanza.

4. Ukitoka pabaya na kukanyaga barabara ngumu, toa foo-wili pale pale. Tanboi wetu ana kazi ya kuuliza kwa sauti, "Foo imetoka?" na dereva ajibu.

5. Habu zote mbili ziwe sawa. Moja ikiwa LOCK na nyingine FREE, ukitia 4H nguvu za mbele zote zinapotelea upande ule ulio FREE, na gurudumu halivuti. Na gia ndogo za ndani ya difu zinazunguka bure na kulika.

6. Habu inazungushwa kwa mkono, si kwa koleo wala kwa kupigwa na spana. Ikiwa ngumu, sogeza gari kidogo ujaribu tena. Ikikataa bado, inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa grisi.

Jambo moja la kuangalia: kupumzika kupita kiasi pia ni ubaya. Mkiacha habu FREE miezi na miezi, mafuta yanatulia chini ya difu, vyuma vya juu vinakauka, na oili sili zinakauka nazo. Katika Land Rover za Series ni zaidi, maana kile kiungo cha juu ambacho gurudumu hugeukia hupata mafuta kwa kurushiwa na hafushafti inayozunguka. Kwa hiyo kila mwezi sisi huweka LOCK tukaenda kama kilomita 15, na tukifika kwenye vumbi tunatia 4H kidogo. Ni kama mtu aliyelala muda mrefu kitandani: lazima atembezwe.

Supu katika goti

Tumewaambia juu ya ule uji mweusi. Ulitoka wapi? Ndani ya ekseli kuna mafuta ya difu, na ndani ya goti kuna grisi nzito. Kati yao kuna oili sili moja ndogo. Ikiisha, mafuta ya difu yanaingia gotini, yanaosha grisi, na vyote viwili vinatoka nje nyuma ya gurudumu. Hapo umepata hasara mbili: difu imepungukiwa mafuta, na CV imepungukiwa grisi. Yakifika kwenye breki, hasara ni tatu.

Bei ya sili ile ni ndogo sana ukiilinganisha na CV, hafushafti na kazi ya fundi. Sisi tuliahirisha kitu kidogo mara tatu, tukalipa kikubwa mara moja.

Kwa hiyo ukiona goti lina mafuta yanayotiririka, usingoje mavuno. Fundi afungue, aoshe kila kitu mpaka kiwe kikavu, atie sili mpya, kisha ajaze grisi nyeusi yenye molibdenamu. Asijaze goti mpaka juu, robo tatu hivi yatosha. Beringi za gurudumu zina grisi yake ya kawaida ya beringi, msichanganye mkebe mmoja kwa kazi zote.

CV iliyolika hupiga kelele, tak-tak-tak, ukikata usukani mpaka mwisho huku foo-wili imeshikwa. Fundi wetu alitufundisha hila moja nzuri kwa gari letu: CV ambayo imelika kidogo lakini haijapasuka, ya kulia huhamishwa kushoto na ya kushoto kulia. Hapo zinasukumana kwa upande mwingine ambao haujalika, na mnapata muda wa kuchanga pesa. Iliyopasuka haina dawa ila mpya.

Na dereva asikate usukani mpaka mwisho huku anakanyaga mafuta kwa nguvu. Hapo ndipo kiungo kimepinda sana na ndipo huvunjika. Ukikwama mchangani, nyoosha usukani, chimbeni kwa jembe mbele ya magurudumu, na mpunguze upepo wa matairi. Sisi hushusha hadi pauni 20 hivi kama gari halina mzigo mzito. Tairi pana huelea juu ya mchanga, na vyuma havisumbuki. Lakini rudisheni upepo kabla ya kwenda mbio kwenye lami, maana tairi laini huchemka na kupasuka.

Vitu vidogo vinavyosahauliwa

Matairi. Yawe ya kipimo kimoja yote manne. Tulikuwa tumeweka mapya nyuma na yaliyoisha mbele. Tairi lililoisha ni dogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi, na ukitia 4H ile kamba inasokotwa hata ukienda moja kwa moja. Pimeni mzunguko wa tairi kwa utepe wa fundi cherehani, mtaona.

Pua ya ekseli. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Ekseli ikipata moto, hewa hutanuka na kutokea hapo. Kikizibwa na matope, hewa husukuma mafuta yapite kwenye sili. Na ekseli yenye moto ikiingia kwenye maji baridi huvuta ndani, basi kama pua imeziba itavuta maji kupitia sili. Kisafisheni.

Maji ndani ya mafuta. Mkivuka mto uliojaa, kesho yake fungueni difu mwangalie. Mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwageni siku hiyo hiyo na mtie mapya, yale ya difu ya namba 90 yaliyoandikwa GL-5. Na hapa kuna siri ya fundi: fungua kwanza boliti ya juu ya kujazia, ndipo ufungue ya chini ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikakataa kufunguka, utalala hapo.

Krosi za propela. Zina mahali pa kuingizia grisi. Pampu ya grisi ni ya bei nafuu, na kijana yeyote anaweza kujifunza kuitumia kwa siku moja. Kwanza afute mchanga kwa kitambaa, asiusukume ndani pamoja na grisi.

Beringi. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka mawe nyuma ya magurudumu mengine, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki. Uchezaji ukiisha, ni beringi za gurudumu zinazotaka kukazwa. Ukibaki, ni beringi za goti lenyewe.

Ratiba yetu na sanduku la gari

Tumebandika ukutani ratiba hii. Kila asubuhi: kuangalia chini ya gari na nyuma ya magurudumu kama kuna mafuta. Kila wiki: upepo wa matairi, na kukaza boliti. Kila mwezi: zile kilomita 15 za LOCK, na kusafisha pua ya ekseli. Kila kilomita 5,000, na kila baada ya kuvuka maji: grisi kwenye propela. Kila kilomita 20,000: mafuta mapya ya difu. Kila kilomita 40,000 au miaka miwili: kufungua magoti na beringi, kuosha na kutia grisi mpya, hata kama hakuna kinachovuja.

Tena kila safari ya kulipiwa, kitu kidogo kinaingia kwenye sanduku la gari kabla ya kugawana chochote. Pesa hizo haziguswi kwa harusi wala kwa matanga. Na dereva akiandika shida kwenye daftari, kamati lazima ijibu kwa maandishi katika siku saba: tumetengeneza, au hatukutengeneza kwa sababu hii. Jina la aliyejibu liandikwe. Sheria hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuipitisha, na ndiyo tunayoiona ya maana kuliko zote.

Wenzetu, gari la kikundi ni la watu wote, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana kitu cha wote hakina mwenye kukiinamia. Sisi sasa tuna zamu: kila juma watu wawili wa kikundi, hata akina mama wasiojua kuendesha, huinama na dereva asubuhi kuangalia magoti yale. Mama yule tuliyekwama naye mtoni ndiye wa kwanza aliyeomba zamu. Mtoto humfunga mgongoni, anainama, anapitisha kidole nyuma ya gurudumu, anakiangalia. Kikiwa kikavu, anasema, "Nendeni."



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, gari letu, au tunalotaka kununua, ni la foo-wili ya wakati wa haja au ya wakati wote? Nani anajua kwa hakika?

2. Ni amri gani tuliyoitoa zamani, ambayo barabara au hali imebadilika lakini amri bado ipo?

3. Mara ya mwisho mfanyakazi wetu alipoleta habari ya shida, tulimjibu nini, na baada ya siku ngapi?

4. Nani kati yetu ataangalia nyuma ya magurudumu kesho asubuhi?